Dimbwi la Mlangoni kwa Mashavu

Kati ya Kibiti na Mchukwi, wakati wa Wadachi, alikuwapo mwanamke mmoja aitwaye Mashavu aliyekuwa na ugomvi na maji. Si maji ya kunywa wala ya udhu. Hayo aliyafuata kisimani mwenyewe bila kunung'unika. Ugomvi wake ulikuwa na yale yaliyomfuata yeye. Kila mvua iliponyesha, maji yaliteremka kutoka njiani, yakakatiza uwanja wa jirani yake wa juu, Mwajabu, yakafika mbele ya mlango wa Mashavu, na hapo yakatua. Chini yake kulikuwa na mteremko mzuri tu, bonde zima limeachwa wazi yapite, lakini wapi! Yalikaa pale pale kizingitini siku nenda siku rudi, yakabadilika rangi, yakaota viluwiluwi, na vyura wakahamia na jamaa zao.

Mwanamke mwingine angezoea. Mashavu hakuweza, kwa sababu uwanja ndio uliokuwa fahari yake. Alfajiri, kabla moshi haujaonekana kwa mtu, alikuwa ameshainama na ufagio wake wa chelewa, anaanzia mlangoni na kusukuma taka na vumbi mbele yake mpaka kwenye jaa, ukingoni mwa uwanja upande wa chini. Hakuacha jani, hakuacha kijiti, wala unyayo wa kuku. Alifundishwa hivyo na mavyaa wake, Bi Zamda, mamaake mumewe, ambaye naye alifundishwa hivyo na mavyaa wake. Katika nyumba ile kuitwa mchafu ilikuwa vibaya kuliko kuitwa mwizi. Wapita njia walisema kwa Mashavu unaweza kuanika mchele bila jamvi. Sasa mwambie mwanamke wa namna hiyo akae na vyura mlangoni.

Tena dimbwi lenyewe lilikuwa linaila nyumba. Ilikuwa nyumba ya miti na udongo, ameijenga marehemu baba wa Mwinjuma, mume wa Mashavu, kwa boriti za mikoko zilizoletwa mabegani kutoka Nyamisati. Boriti zile zilikuwa bado ngumu kama siku zilipokatwa. Lakini udongo ni udongo. Ukuta wa chumba cha mkono wa kulia, alimolala Bi Zamda, ulikuwa ukinywa maji kwa chini, unavimba, unapasuka, na kumeguka mabonge. Kila baada ya masika Mashavu aliukandika upya, na kila masika dimbwi liliukandua.

Ushauri haukukosekana. Ushauri kijijini ni kitu kisichopungua hata mwaka wa njaa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mwenye nywele nyingi kuliko wote alikuwa Kibwana, ambaye ujanani aliwahi kukata mikoko visiwani na kwa ajili hiyo alijiona msemaji wa maji yote duniani.

"Maji nimeyazoea mimi," alisema, amesimama ukingoni mwa dimbwi, mikono nyuma. "Maji haya yanataka tuta tu, shemeji. Piga tuta hapa juu, yatazunguka yenyewe."

Mashavu akapiga tuta kwa jembe, mgongo ukamwuma siku mbili. Mvua ikaja. Maji yakafika kwenye tuta, yakazunguka kweli kama alivyosema Kibwana, yakaingia ndani kwa mlango wa uani, yakabeba makaa, kata na kibao cha mbuzi, yakatokea mlango wa mbele na kukaa palepale pa siku zote.

"Tuta lilikuwa fupi," alisema Kibwana.

Safari ya pili akasema dimbwi lijazwe mchanga. Mashavu na binti yake mdogo, Mwamini, wakabeba mchanga kwa pakacha kutoka mtoni, wakalifukia dimbwi likawa kilima. Mvua moja tu, mchanga wote ukateremka bondeni, na dimbwi likabaki linamtazama. Mwajabu akasema si bure, lile ni shetani la maji, litafutiwe ubani. Mashavu akamjibu kwamba shetani mwenyewe ni uwanja wa Mwajabu, maana maji yote yalitokea kwake. Hawakusemezana mpaka mfungo wa Ramadhani.

Na Bi Zamda? Bi Zamda alikuwa na neno lake moja, na hakuchoka kulirudia.

"Panda magimbi, mkaza mwanangu. Gimbi halitaki kingine, linataka tope."

"Magimbi, mama? Mlangoni?"

"Kwani mlango unakataza nini?"

"Watu watasema nimeshindwa kufagia, nimeamua kulima."

"Watu, watu. Watu wanakupa chakula?"

Mashavu aliuma meno. Mavyaa wake hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na ulimi usiojua likizo. Alikosoa chumvi, alikosoa ukili, alikosoa jinsi mtoto anavyosukwa. Mashavu hakuweza hata kwenda kisimani kwa amani, akishajitwika mtungi tu na kugeuza mgongo, sauti ilimfuata kutoka ndani: "Usimwage njiani!" Miaka kumi na zaidi ya ndoa, na hajamwaga hata tone, lakini kila siku ya Mungu: "Usimwage njiani!" Kuna siku alitamani aumwage mtungi mzima barabarani, makusudi kabisa, ili yule mama apate angalau sababu.

Basi ikaja siku Mashavu alipokwenda kwenye shamba la pamba la jumbe, kazi ya shuruti isiyo na ujira wa maana, akarudi jioni mikono imechubuka, akakuta pembe moja ya dimbwi imechomekwa vichwa vya magimbi. Bi Zamda ameketi barazani, matope mpaka magotini, anatafuna tambuu.

"Nani amefanya hivi?"

"Vyura," alijibu mavyaa.

Mashavu aliingia ndani akalia kwa hasira. Lakini hakuyang'oa. Huwezi kung'oa alichopanda mama wa mumeo mbele ya macho yake, na Bi Zamda alijua hilo vizuri sana.

Mwaka huo, baada ya masika, mambo yakaharibika upande wa Matumbi. Watu waling'oa pamba. Ikasikika kuwa kuna dawa Ngarambe, maji ambayo mtu akinyunyiziwa, risasi za Wadachi zinageuka maji mwilini mwake. Habari ikavuka mto, ikaingia vijiji vya njiani kimoja baada ya kingine, na wanaume wakaanza kuondoka. Mwinjuma alitoweka siku kadhaa, akarudi uso umetulia, anaongea polepole, mkononi ana mkuki aliouazima kwa nduguye wa Mbwara.

"Nimekwisha kunywa maji, Mama Mwamini," alimwambia mkewe.

Mashavu alikuwa ameinamia ukuta, anakandika. Alimtazama mumewe, akautazama ukuta, akatazama bakuli la udongo mkononi mwake.

"Hayo maji yenu yanageuza risasi?"

"Yanageuza."

"Basi mwambieni huyo mwenye dawa aje ayageuze na haya ya mlangoni kwangu. Tuanze na dogo."

Mwinjuma alicheka, kisha akaacha kucheka. Akaushika ukuta kwa kiganja, akaubonyeza, na bonge likamdondokea mguuni.

"Nyumba hii ni ya baba," alisema. "Pamba imetula migongo, kodi imetula mifuko, lakini nyumba ipo. Nitunzie. Nikirudi niikute imesimama."

"Nitaisimamisha na nini? Wanaume mnakwenda wote. Boriti za Nyamisati nani ataleta? Ukuta ukianguka nani atasimika nguzo? Kibwana?"

"Nitunzie tu, Mama Mwamini."

Hivyo ndivyo wanaume wanavyokwenda vitani: wanakuachia neno moja la kumalizia, nawe ubaki nalo. Mashavu alimwambia nitakutunzia, kwa sababu angesema nini kingine? Alimwona akishika njia na wenzake, na moyo wake ulijaa woga na ghadhabu kwa kiasi kilekile. Kibwana, kwa taarifa, hakwenda nao. Alisema mguu unamwuma, na mguu huohuo ukamfikisha Nyamisati kabla vumbi la wenzake halijatulia.

Vuli ilikuwa karibu. Mashavu alihesabu alichonacho: jembe moja, pakacha mbili, mtoto mmoja, mavyaa mmoja. Ukuta ulikuwa na ufa wa kupitisha vidole. Mvua mbili tatu kubwa, chumba cha Bi Zamda kingekuwa chini, na chumba kikienda paa linafuata. Alizunguka uwanja asubuhi nzima akitafuta njia, na alipochoka alifanya alichofanya siku zote alipochoka. Alichukua ufagio.

Alikuwa amefika katikati ya uwanja aliposikia kishindo. Bi Zamda alikuwa ametoka ndani, akakosea kizingiti, akakaa chini kwa makalio.

"Mama! Umeumia?"

"Nimeumia, ndiyo! Nani ameinua kizingiti hiki?"

"Hakuna aliyekiinua, mama. Ni uzee."

"Uzee upo kwenye goti, haupo kwenye mlango!" Bi Zamda alikuwa amekasirika hasa. "Nilipoletwa hapa bibi arusi, nilikivuka kizingiti hiki bila kuinua mguu. Nimefunikwa shuka, sioni mbele, na sikujikwaa. Leo natoka mwangani naanguka kama gunia. Nyumba imepanda!"

"Nyumba haipandi, mama."

"Basi nini?"

Mashavu aliinama. Alitazama kizingiti. Kati yake na ardhi kulikuwa na kimo cha goti la mtoto. Alitazama nguzo za ukutani: udongo wa zamani, ule wa mkono wa marehemu baba mkwe, ulianzia shubiri nzima juu ya ardhi, na chini yake boriti zilikuwa uchi. Miaka yote alikuwa akipakandika pale bila kujiuliza kwa nini pako wazi. Kisha akatazama miguuni pake. Mchanga laini wa uwanja wa watu wengine kwake haukuwapo. Alisimama juu ya udongo wa mfinyanzi, mgumu, unaong'aa, udongo usionywa maji. Akautazama ufagio. Mwisho akageuza macho mpaka ukingoni, kwenye jaa.

Hakuwahi kulitazama jaa kama kitu. Jaa ni jaa. Lakini sasa aliliona lilivyo: tuta refu kuliko tuta lolote la Kibwana, limeota mipapai na mbaazi, limeziba upande wote wa chini wa uwanja kutoka pembe hadi pembe, palepale ambapo maji yangepita kwenda bondeni. Na tuta lile halikuwa taka. Taka zinaoza. Lilikuwa ni uwanja wenyewe, umehamishwa na ufagio kila alfajiri kidogo kidogo, na yeye, na mavyaa wake, na mavyaa wa mavyaa wake, mpaka nyumba ikabaki juu na uwanja ukawa bakuli.

"Mama," alisema. "Nyumba haijapanda. Uwanja umeshuka. Tumeufagia."

Bi Zamda alitazama, akaendelea kutafuna.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini? Si wewe uliyenifundisha kufagia?"

"Nilikufundisha kufagia. Sikukufundisha kufagia sana."

Mashavu aliutupa ufagio mbali ukaangukia kwenye mbaazi. Alikuwa na hasira na mvua, na Kibwana, na mavyaa, na sifa zote alizowahi kupewa na wapita njia. Lakini zaidi alijikasirikia mwenyewe, kwa kuamka mapema kuliko kijiji kizima ili aiharibu nyumba yake. Kisha akachukua jembe.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Alilikata jaa katikati, akafungua mfereji mpana wa kuteremkia bondeni. Ndani ya tuta alikuta vigae vya vyungu vya zamani, na kipini cha kisu ambacho Bi Zamda alikitambua na kumlaumu mtu aliyekwisha kufa kwa kukipoteza. Udongo wote aliotoa aliurudisha kwa pakacha mpaka kwenye ukuta, akaujaza miguuni mwa nguzo, akauinua uwe na mwinamo kutoka nyumbani kwenda nje, akaushindilia kwa mchi wa kinu. Mwamini alimwaga na kusawazisha. Hata Mwajabu, ambaye mumewe naye alikuwa ameondoka, aliteremka kutoka juu na jembe lake, akafyeka njia ya maji yake yazunguke pembeni, na wala hakuna aliyetaja shetani.

Ikabaki pembe moja tu, ile ya magimbi. Mashavu alitaka kuifukia nayo. Bi Zamda akatoa kigoda chake, akakiweka katikati ya magimbi, akakikalia, miguu ndani ya tope.

"Nifukie na mimi," alisema.

Mashavu akaiacha pembe ile. Dimbwi dogo, la hatua chache, mbali na ukuta. Aliona haya kila akilitazama, lakini alikuwa amechoka kushindana.

Vuli ilipopiga, alisimama mlangoni usiku na mchana kama mtu anayengoja majibu ya posa. Maji yalikuja kutoka njiani, yakazunguka, yakagusa uwanja, yakainama, yakapita kwenye mkato wa jaa yakaenda zake. Kilichobaki kikaingia kwa magimbi. Mvua ya pili ikawa hivyohivyo, na ya tatu. Ukuta ukakauka kwa chini, mara ya kwanza tangu yeye aolewe. Mashavu alifurahi hata akatafuta mtu wa kumwambia, na alipomkosa akamwambia ukuta: "Simama sasa. Simama mpaka arudi."

Ndipo askari wakaja.

Vita ilikuwa imewageukia watu, na maji ya dawa hayakugeuza kitu. Waliorudi walikuwa wachache na hawakuwa na la kusema. Sasa Wadachi walikuwa wakipeleka askari kijiji kwa kijiji kuteketeza nyumba na kutwaa nafaka, ili waliobaki porini wakose chakula. Kijiji kilipopata habari kilikimbilia msituni. Mwajabu alimchukua Mwamini akatangulia naye. Mashavu alijaribu kumbeba Bi Zamda mgongoni. Akafika naye hadi kwenye jaa, na mama mzima analalamika kuwa anabebwa vibaya. Hawakufika mbali zaidi ya hapo, askari wakawakuta.

Mkubwa wa askari, shaushi mmoja aliyesema Kiswahili cha bara, alizunguka uwanja. Ghala la mtama ndani walikuwa wameshalikuta, wameshalitoa. Alisimama mbele ya ukuta wa kulia, akautazama udongo mpya ulioshindiliwa vizuri, umeinuka kutoka ardhini.

"Mama, hapa mmefukia nini?"

"Hatujafukia kitu, bwana."

"Udongo huu ni mpya."

"Ni mpya, bwana. Nimejaza uwanja."

"Umejaza uwanja." Shaushi aliwageukia wenzake. "Kuna vita, watu wanakufa, na huyu anajaza uwanja!"

Wakacheka. Na hapo Mashavu, badala ya kulia kama walivyotarajia, alishikwa na hasira ya mtu aliyeulizwa juu ya jambo alilolisumbukia miaka. Alimweleza. Alimweleza mteremko, na maji ya Mwajabu, na tuta la Kibwana. Alimwonyesha kizingiti, akamwonyesha boriti, akamwambia jinsi uwanja unavyoshuka kwa kufagiwa. "Njoo utazame jaa lile, bwana! Unaliona? Lile ndilo uwanja wangu! Nimeurudisha tu mahali pake!"

Alisema kweli tupu, na haikumfaa kitu. Shaushi alidhani anadhihakiwa, au anacheleweshwa. Watu wa vijiji vingine walikuwa wakifukia mtama chini ya sakafu na miguuni mwa kuta, hilo alilijua. Mwanamke anayefagia mpaka nyumba ikabaki hewani hakupata kumsikia. Akaamuru wachimbe.

Wakachimba. Walichimbua mgongo wote wa udongo aliourudisha kwa pakacha, wakashuka chini yake, wakazifunua boriti mpaka mizizi, na hawakupata hata punje. Ukuta ulitingishika, ukalia, ukalala chini wote kwa mara moja na paa likaufuata upande mmoja. Shaushi akasema kilichobaki kitiwe moto. Askari mmoja, kabla ya kuondoka, alikwenda kwenye dimbwi la pembeni, akasuuza buti zake katikati ya majani ya magimbi, akakanyaga mawili matatu, akawafuata wenzake.

Mashavu alikaa chini. Boriti za mikoko ziliungua polepole, kwa moto mweupe. Hakuwa na machozi. Alichokuwa nacho ni wazo moja lililomzunguka kichwani kama nzi: angeuacha ukuta ule umomonyoke, asingeutengeneza vizuri namna ile, wala wasingechimba.

"Mkaza mwanangu," alisema Bi Zamda.

"Usiseme kitu, mama. Leo tu. Nakuomba."

Bi Zamda akanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza, na ndiyo iliyomliza Mashavu.

Njaa iliyofuata wazee wameihadithia, na si kazi yangu kuirudia. Watu walikula mizizi ya porini, walikula mbegu walizopaswa kupanda, kisha wakala ngozi. Kwenye uwanja wa Mashavu palikuwa na kibanda cha makuti, majivu, na dimbwi dogo la matope. Chini ya matope, ambapo hakuna askari aliyefikiria kutazama kwa sababu hakuna mtu mwenye akili anayelima mlangoni, magimbi yalikuwa yamekomaa.

Bi Zamda ndiye aliyeyagawa. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa ila kwa amri yake. Gimbi moja la leo, kichwa chake kinarudi topeni kesho. Alisimamia chungu mpaka yachemke sana yasije yakawasha koo, akampa Mwamini kwanza, akampa Mashavu, akampelekea Mwajabu, na mwenyewe akala la mwisho, mara nyingine maji yake tu. Masika ilipokaribia alimwamuru Mashavu azibe mfereji.

"Nizibe?"

"Ziba. Dimbwi ni dogo. Lirudi kama zamani, tupande lote."

Basi Mashavu akachukua jembe lilelile, akauziba mfereji wake mwenyewe uliomchubua mikono, huku akitukana kila pakacha. Maji yakarudi yakakaa palepale palipokuwa kizingiti. Vyura nao wakarudi. Akachomeka vichwa vya magimbi kutoka pembe hadi pembe, katika uwanja uliokuwa hauna hata unyayo wa kuku.

Mvua za mwisho za masika Bi Zamda hakuziona. Alikwisha kama taa iliyoishiwa mafuta, bila ugonjwa wa kutajwa jina. Siku ya mwisho Mashavu alimwinamia asikie wasia, akidhani atamtaja Mwinjuma, au Mungu.

"Dimbwi lisikauke," alisema mavyaa.

Hata kufa alikufa akiamrisha. Mashavu alikasirika, kisha akaona kwamba angetoa chochote akasirishwe naye tena.

Kiangazi kikawa kikali. Dimbwi, lililokataa kuondoka miaka yote kwa tuta, kwa mchanga na kwa ubani, sasa lilianza kuondoka lenyewe. Tope likapasuka. Majani yakakunjika. Mashavu akaanza kulimwagia. Kisima kilikuwa mbali, na nguvu zilikuwa chache, lakini alikwenda na mtungi asubuhi na jioni, akarudi, akainama, akamwaga maji mlangoni kwake mwenyewe.

Hivyo ndivyo Mwinjuma alivyomkuta.

Alitokea upande wa juu, kwa Mwajabu, amekonda hata nguo ilimzidi, mkuki hana. Alisimama akitafuta nyumba kwa macho. Mashavu alikuwa amempa mgongo.

"Mama Mwamini," aliita.

Alimjua kwa sauti. Hakugeuka. Mtungi ulikuwa nusu, ameuinamisha juu ya shina. "Ngoja," alisema. "Nitayamwaga nje ya shina."

Akamaliza, akauweka mtungi chini, akageuka. Alikuwa amelipanga neno lake miezi mingi, namna ya kumweleza juu ya ukuta na shaushi. Lote lilimpotea.

"Uliniambia nikutunzie nyumba," alisema. "Sikuweza, Baba Mwamini. Nilijaribu, nikaitengeneza sana, wakaiangusha."

Mwinjuma alilitazama dimbwi, na majani, na mke wake aliyelichukia lile dimbwi kuliko adui yeyote, miguu imejaa tope. Mwamini alichungulia kutoka kibandani, hai, akamtazama kama mgeni.

"Unamwagilia dimbwi?" aliuliza Mwinjuma.

"La mama yako."

"Mama yuko wapi?"

Mashavu aliinama, akatia mkono topeni, akang'oa gimbi moja, akalifuta kwa khanga na kumwekea mkononi. "Alisema lisikauke," alijibu.

Mwinjuma aliketi chini pale pale, akalishika gimbi kwa mikono miwili, akalia bila kujificha. Mashavu alimwacha alie. Jua lilikuwa linawaka na nusu ya dimbwi ilikuwa bado haijapata maji.

Kisha Mwinjuma aliinuka. Mwanamume wa kule hachoti maji. Ni jambo la kuchekwa na watoto. Lakini aliuokota mtungi, akauliza kama kisima ni kilekile, akajitwika, akashika njia.

Mashavu alimwangalia mpaka alipofika kwenye jaa. Kisha neno likamtoka lenyewe, kwa sauti kubwa, hata Mwajabu alilisikia kule juu.

"Usimwage njiani!"